Anajenga

Miaka minne nilimtetea Royce Tillery
dukani kwa Earline Pettway, fundi wa matairi,
Tarrville, Alabama, barabara ya machimboni.
Nilimtetea na mfuko wa barua begani,
yeye kachuchumaa kando ya jeki,
kofia ya njano ya Nyigu imelala upande,
haniangalii hata machoni.

"Posta," huniita hivyo, jina langu analijua,
"Nyumbu wenu Jumamosi walipigwa ngapi?"
Arobaini na moja kwa tatu. Anajua. Kaiandika
kwa chaki kwenye tairi la trekta pale nje,
mji mzima upite usome.

"Kocha anajenga," nikasema.
Ndilo neno la Tillery mwenyewe, kila Jumatatu
mbele ya waandishi, njiti ya kiberiti mdomoni: tunajenga.
"Anajenga!" Akaita wateja, akamwita na mbwa.
"Miaka minne anajenga, hata choo hakijaezekwa!
Mimi banda la kuku nililijenga wikiendi moja,
na lina mlango."

Sikuwa bubu. Nikamwambia nyigu
ni mdudu wa kelele, asali hana.
Nikamwambia nyumbu hana haraka, ila mzigo hufika.
"Utafika," akasema, "kama barua zako:
umelowa, umechelewa, na si wa mwenyewe."

Tatizo lilikuwa jaribio la nne.
Yadi moja tu. Moja! Mtoto akijikwaa anaimaliza.
Tillery atakuna sikio la kushoto,
atatazama juu kana kwamba jibu limeanikwa huko,
halafu ataamuru mpira ubutuliwe, wapewe wenzetu.
Ikitokea hivyo Earline hunitumia kadi ya rambirambi,
na stempu juu, nami ndiye mpeleka barua:
nimejiletea msiba mwenyewe hadi mlangoni.

Novemba akafukuzwa. Walimlipa mamilioni aondoke.
("Nawe waombe," Earline akasema,
"wakulipe uache kutuletea bili.")
Januari, mvua ya baridi, naingia na katalogi za mbegu,
nakuta duka kimya, redio tu inasema:
Nyigu wa Lathem wamempata kocha mkuu mpya.

Sikucheka. Karamu hailiwi kwa pupa.
Nilipanga barua kauntani moja moja,
ya umeme, ya maji, bahasha ya kanisa,
nikafuta miwani.
"Earline," nikasema, "lile banda la kuku,
mlango wake bado uko?"

Akanyanyua spana. Akaishusha.
"Kwenu hakupewa muda," akasema. "Kwetu ata—"
"Sema."
"Atajenga."

Basi tukabadilishana. Kejeli zake nikazibeba mimi,
visingizio vyangu akavichukua yeye,
kama majirani wanaorudishiana bakuli,
na bakuli halirudi tupu.
Nikawa naandika matokeo kwenye tairi lake, kwa chaki yake.
Akawa ananiambia mzigo hufika. Mzigo! Hana haya.
Kadi za rambirambi nilinunua pakiti nzima.

Mechi ya mwisho wa msimu, Nyigu kwa Nyumbu,
televisheni yake ndogo juu ya rafu ya mafuta ya breki,
dakika mbili zimebaki, Nyigu nyuma kwa pointi nne.
Jaribio la nne. Yadi moja.
Kamera ikamtafuta Tillery: kofia ya njano, njiti ileile.

Mkono ukapanda.
"Sikio la kushoto," nikasema.
"Nyamaza."
Akatazama juu.
Na sote wawili tukasimama, tukapiga ukelele mmoja,
hata mimi niliyepaswa kuomba wabutue:
"Usi—"

Wakabutua.

Earline akaketi juu ya tairi, kofia usoni,
mabega yakimtikisika. Nilidhani analia.
"Posta," akasema kutoka ndani ya kofia,
akicheka hadi pumzi inamkata,
"hiyo kadi nipe mkononi.
Usiharibu stempu."